Usimtumie Mtu Nyimbo Arobaini

Miaka miwili iliyopita nilimtumia mwanangu nyimbo arobaini za roki kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nimezipanga usiku mzima, za kale kwanza, za juzi mwisho, nikijiona mwalimu. Akanijibu, "Fiti, mathe." Wiki mbili baadaye nikamuuliza ni upi uliompendeza, akaanza kutafuta chaja ambayo haikuwa imepotea. Hakuwa amefungua hata mmoja. Bando lake ni la saa moja, na saa hiyo ina wenyewe.

Simlaumu. Mimi mwenyewe roki sikuipata kwa orodha. Niliipata kwa kaseti moja tu, nyumbani Buruburu, mwishoni mwa miaka ya themanini. Kaka yangu alikuwa amerekodi nyimbo za bendi ya roki ya Dire Straits juu ya kaseti ya mahubiri ya mama, na hakuyafuta yote. "Sultans of Swing" ikifika ukingoni, gitaa linafifia, halafu unamsikia mhubiri akisema "ndugu zangu," kisha mkanda unakwama na sisi tunakimbilia kalamu ya kuuzungushia. Mpaka leo wimbo huo ukiisha huwa namngoja yule mhubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: wimbo mmoja, mkiwa mmeketi pamoja, na wewe mwenye wimbo ufunge mdomo. Hapo pa mwisho ndipo ninaposhindwa. "Sikiza hapa, sasa hivi, inakuja, umesikia?" Mume wangu anasema kusikiliza muziki nami ni kama kukaa kando ya makanga anayetangaza kila steji. Tena usitumie spika ya simu. Besi haipiti mle, na kinachobaki ni gitaa linalolia kama nyuki ndani ya kopo. Kama hamna spika ya maana, gawaneni visikizi, mmoja sikio hili na mwingine lile.

Aliyenifundisha zaidi ni mjomba wangu. Ana miaka sabini na mitatu na anaishi Umoja. Zamani alipiga gitaa la solo katika bendi ya benga, enzi ambazo ukitaka kurekodi santuri ulishuka River Road na vyombo vyako mgongoni. Roki aliidharau. Aliwahi kuona picha za Pete Townshend wa The Who akilivunja gitaa jukwaani, na hilo hakulisamehe kamwe. "Mama," aliniambia (ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake), "mimi gitaa langu la kwanza lilinigharimu fahali. Mtu anayevunja gitaa hana la kuniambia."

Nikanyamaza. Siku nyingine nikamwekea video ya Mark Knopfler wa Dire Straits, bila kusema hii ni roki wala nini. Akasogeza kiti karibu na runinga. Knopfler hatumii kile kijiplastiki cha kukwaruzia nyuzi, anazidonoa kwa gumba na vidole viwili. "Huyu anapiga kama sisi," mjomba akasema. Akataka irudiwe. Ikarudiwa mara tatu, stima ikapotea, na bado akawa anaelekeza kidole kwenye runinga nyeusi akinionyesha gumba lilipokuwa likienda.

Tangu hapo nimeacha kumwanza mtu na wimbo ninaoupenda mimi. Naanza na kitu ambacho sikio lake tayari linakijua. Mpenzi wa rumba mpe Carlos Santana, kwa sababu zile ngoma za konga zitamkaribisha kabla gitaa halijaingia. Watu wa Jim Reeves na Kenny Rogers, na Kenya hii tumejaa sisi, wape bendi ya Eagles. Wengi wataijua "Hotel California" neno kwa neno, ila hawajaambiwa kwamba wanachoimba ni roki. Anayesema huu ni muziki wa Wazungu, mkumbushe kwamba Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, halafu mvushe hadi Zambia. Kule miaka ya sabini kulikuwa na bendi iitwayo WITCH, na mwimbaji wake Emmanuel Chanda alipewa jina la Jagari, kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Bendi ikafifia, Jagari akaenda kuchimba vito. Alipopita miaka sitini akarudi jukwaani, na Ulaya wakajaa kumtazama.

Mama yangu, aliyeziita zile kaseti kelele za shetani, nilimpata kwa Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa nyimbo za injili aliyepiga gitaa la umeme kabla wengi wa hawa hawajazaliwa. Kuna video yake ya mwaka 1964, Manchester, kwenye stesheni ya treni iliyoachwa, amevaa koti zito na gitaa limening'inia kifuani. Mama akatazama mpaka mwisho. "Huyu ameokoka," akasema, na akaongeza sauti.

Sasa hawa wazee wa roki. Nilikuwa na tabia ya kusambaza vipande vya video vyenye maneno kama "tazama, miaka 80 na bado anaruka!" Mick Jagger ndiye niliyempenda zaidi. "Satisfaction" ilitoka mwaka 1965 akiwa na miaka 21, na mwaka 2024 alizunguka Marekani akiiimba akiwa na 80. Ziara hiyo ilidhaminiwa na AARP, shirika la watu wa umri wa kustaafu, jambo ambalo bado linanichekesha. Mjomba alitazama dakika mbili akakunja uso. "Mnamtazama kama ndovu wa sarakasi. Achana na miguu. Tazama anavyofanya kazi."

Nikarudi kuitazama konsati ile ile kwa macho ya mjomba. Katikati ya onyesho Jagger anatoka, na Keith Richards, mpiga gitaa wao, anaimba nyimbo zake mbili tatu. Miaka yote nilidhani ni heshima kwa rafiki, kumbe ni pumzi pia. Mtu akishajua hilo, ataanza kuyaona mengine. Elton John alipasuliwa koo mwaka 1987, na tangu hapo nyimbo zake za ujanani huziimba kwa ufunguo wa chini zaidi. Pale palipokuwa na sauti nyembamba ya kupaa, sasa pana sauti nzito iliyotulia, na mimi kuna nyimbo ambazo naipenda hii ya pili. Wengine wanauachia umati ile sehemu ya juu. Mwenye haraka anasema mzee amechoka. Mjomba anasema mzee anajua kugawa kazi.

Keith Richards naye ameeleza waziwazi kwamba ana baridi yabisi mikononi, kwamba haimuumi, ila imembadilishia namna ya kupiga. Nilipomwambia mjomba hivyo aliinua mkono wake na kuulinganisha na ule wa kwenye runinga, kifundo kwa kifundo. Halafu akahesabu nyuzi. Richards hupiga nyimbo nyingi kwa gitaa la nyuzi tano, ule wa sita ameung'oa. Nikamweleza kwamba alianza hivyo akiwa kijana, kwa ajili ya mlio tu, hapana uhusiano na uzee. Hakunisikiliza. "Kumbe uzi unaweza kupunguzwa," akasema.

Jambo moja nililolikosea sana: usimwekee mtu rekodi ya ujanani kisha hapo hapo ile ya uzeeni. Utageuza meza kuwa mahakama. Anza na mzee. Mtu akishampenda alivyo, atamtafuta kijana mwenyewe. Na hapa kwetu, ukiwakuta wazee wa zilizopendwa wakipiga hotelini Jumapili jioni, fika mapema kwa sababu hawakeshi, tuza, na usiwaombe wimbo uende kwa kasi ya santuri. Nashangaa hata tunavyoshangaa. Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 na aliendelea kupanda jukwaani miaka kadhaa baada ya hapo. Alifariki mwaka 2013.

Ile konsati ya mwisho ya Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, tuliitazama watatu, mimi, mjomba na mwanangu, ambaye safari hii alikuja mwenyewe. Ilikuwa Julai 5, 2025, uwanja wa Villa Park, Birmingham, mtaa ule ule wa Aston alikokulia. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemnyang'anya miguu, kwa hiyo aliimba ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi. Siku kumi na saba baadaye alifariki. Kijana hakugusa simu. Alipoona mzee anajaribu kuinuka na kiti hakimwachii, alisema tu, "Huyu buda..." na hakumalizia.

Mjomba alikuwa anakitazama kiti. "Kile ni cha mwimbaji," akasema mwishowe. "Mpiga gitaa hakai kwenye kiti chenye mikono. Shingo ya gitaa itagonga."

Jumamosi nilipopita Umoja nilimkuta sebuleni ameketi kwenye kigoda, kiti chake kikubwa kimelazwa ubavu, msumeno mkononi. Mkono mmoja wa kiti ulikuwa tayari uko sakafuni.

"Shika hapa, mama," akaniambia. "Kinatikisika."