Tulale mlango wazi au tufunge?

SWALI: Niko Nkuhungu, watoto wangu wawili wanalala chumba chao. Milango naacha wazi niwasikie wakilia, na joto la Oktoba hapa Dodoma mnalijua. Mume wangu anasema nifunge sababu ya moto. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, shemeji yuko sahihi. Mimi ni mtu wa zimamoto na hili naliongea kwa uchungu kabisa, moto ukianzia sebuleni na mlango uko wazi moshi unakukuta usingizini, na moshi ndo unaoua, moto unafika mtu ameshapoteza fahamu zamani. Watafiti wa UL, taasisi ya usalama wa moto kule Marekani, walichoma nyumba za majaribio wakapima, chumba kilichoachwa wazi kilipita nyuzi joto 500, kilichofungwa kilibaki chini ya 40. Kuna nyumba tuliingia kukagua asubuhi, mlango upande wa korido umekuwa mkaa mtupu, ila kwa ndani kwenye msumari kulikuwa na kanga imetundikwa na maandishi yake unayasoma vizuri tu.

Ila angalia juu kwanza. Wengi tunahamia kabla ya kupiga silingi, kuta za vyumba zimeishia kwenye lenta, juu ni kenchi na bati, hapo moshi unapita juu ya ukuta na mlango hausaidii sana. Kama hela ni ya chumba kimoja, anza na cha watoto, sebule itasubiri.

Na kufunga namaanisha urudishie mpaka kitasa kishike, sio upige funguo halafu uifiche, maana madirisha yetu yana nondo na mlango ndo njia pekee ya kutokea. Joto lifungulie dirisha lenye neti. Mtoto ambaye bado mdogo mlaze chumbani kwenu, na kengele ya moshi ifunge koridoni.

Halafu Juni na Julai baridi ikibana, tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika kumi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mlango ukiwa umefungwa ndo mbaya zaidi, watu hawaamki.

Ukisikia harufu ya moshi usiku, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kufungua. Ukiwa wa moto usifungue, ziba chini kwa nguo iliyolowa mpige kelele dirishani. Ukiwa wa baridi chukua watoto mtoke, vuta mlango nyuma yenu, 114 ya zimamoto utapiga mkishafika nje.