Methanoli katika injini: ushauri kwa mhandisi anayeanza

Wadogo zangu mnaohitimu vyuo vya ubaharia vya Dar es Salaam na Mombasa, pamoja nanyi mnaotoka katika karakana za dizeli za nchi kavu, huenda katika miaka yenu ya kazi mkakabidhiwa injini inayotumia methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi. Kivuko cha Stena Germanica, kinachosafiri kati ya Gothenburg na Kiel, kilibadilishwa injini zake mwaka 2015 ili kiweze kuyatumia mafuta hayo. Mwaka 2023 kampuni ya Maersk ilizindua Laura Maersk, meli ya kwanza ya makontena ya aina hiyo, na mwaka uliofuata ikaja Ane Maersk, inayobeba zaidi ya makontena 16,000 ya futi 20. Huko China, katika miji kama Guiyang na Xi'an, teksi zimekuwa zikiendeshwa kwa methanoli tupu. Ninachotaka mkichukue kutoka kwangu ni kwamba ujuzi wenu wa dizeli utawafaa sana, ila macho na pua mlizozizoesha dizeli hazitawafaa, kwa kuwa methanoli haimpi mtu dalili zile ambazo dizeli humpa.

Anzeni na hesabu ya nishati, maana ndiyo inayoeleza umbo la mfumo mzima. Kilo moja ya methanoli ina takriban megajuli 20, ilhali kilo moja ya dizeli ina karibu megajuli 43. Meli iliyokuwa ikichoma tani 10 za dizeli itahitaji zaidi ya tani 21 za methanoli kwa kazi ileile, na kwa kuwa methanoli ni nyepesi kidogo kuliko dizeli, tofauti ya ujazo ni kubwa zaidi: mita za ujazo 27 badala ya 12. Kwa hiyo matangi ni makubwa, pampu zinasukuma mafuta mengi zaidi, na safari kati ya bandari moja ya kujazia na nyingine hupangwa upya. Mtu akikuletea bei ya tani moja ya methanoli na kukwambia ni rahisi kuliko dizeli, mwombe kwanza bei ya megajuli moja.

Methanoli haiwaki yenyewe kwa mgandamizo kama dizeli. Injini kubwa za meli hupuliza kwanza dizeli kidogo ya kuwashia, kisha methanoli hufuata na kuungua juu ya mwali huo. Katika magari ya plagi, ambayo huwasha mafuta kwa cheche, mambo ni mepesi zaidi, kwani oktani ya methanoli, yaani kipimo cha mafuta kustahimili mgandamizo, inapita 100 na inapogeuka mvuke hupoza sana hewa inayoingia, hivyo injini hustahimili mgandamizo mkubwa bila kugonga. Kupoza huko ndiko kunakofanya gari la methanoli tupu liwe gumu kuwaka asubuhi ya baridi, na ni sababu mojawapo ya kuchanganya asilimia 15 ya petroli katika mafuta yanayoitwa M85.

Jambo linalowapotosha wengi ni maji. Katika dizeli tumefundishwa kufungua koki ya chini ya tangi, kuyaona maji yaliyotuama na kuyamwaga, na yanayobaki tunayaachia separeta, mashine inayotenganisha maji na mafuta. Methanoli na maji huchanganyika kabisa, kwa kiasi chochote kile. Koki ya chini haitakuonyesha kitu, na separeta haina cha kutenganisha. Njia ya kujua ni kupima densiti na kupeleka sampuli maabara, na njia ya kujikinga ni kulifunika tangi kwa naitrojeni, ambayo inazuia unyevu na oksijeni kwa pamoja. Kumbukeni pia kwamba methanoli hailainishi. Pampu na injekta zilizokuwa zikipata ulaini wake kutoka kwenye dizeli zinahitaji mafuta ya kulainisha yaliyo mbali na mafuta ya kuchoma, na mipira ya kuzibia pamoja na vipande vya alumini na zinki ni lazima vikaguliwe kama vimekusudiwa methanoli, maana visivyokusudiwa huvimba au huliwa.

Sasa tuje kwenye moto. Methanoli hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 11 hivi za Selsiasi, yaani katika hali ya hewa yetu ya kawaida wakati wote, na mchanganyiko wake na hewa huwaka kuanzia asilimia 6 hadi 36 ya mvuke. Mwali wake ni wa samawati hafifu, hauna moshi, na mchana hauonekani. Mwaka 1981, katika mashindano ya magari ya Indianapolis, methanoli ilimwagika kwenye gari la dereva Rick Mears likijazwa. Watu wakawa wanaungua huku waliosimama karibu hawaoni moto, naye mwenyewe akapata majeraha usoni. Kwa sababu hiyo chumba cha pampu huwekwa kamera za joto na vifaa vya kunasa mvuke, na mabomba huwa na kuta mbili, huku hewa ikivutwa bila kukoma kati ya kuta hizo ili uvujaji unaswe kabla haujafika chumba cha injini. Kengele ya kifaa cha mvuke ikilia, usiende kuhakikisha kwa macho. Funga vali, toka, kisha fuata utaratibu wa meli. Povu la kawaida la kuzimia moto wa mafuta huvunjwa na alkoholi, kwa hiyo hakikisha lililopo ni lile linalostahimili alkoholi. Maji husaidia, mradi yawe mengi, kwani mchanganyiko wenye robo tu ya methanoli bado unaweza kuwaka.

Sumu yake nitaisema kwa uzito wote nilio nao. Mwilini methanoli hugeuzwa kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 zikinywewa zinaweza kumpofusha mtu, na kiasi kidogo juu ya hapo kinaweza kuua. Nchini Kenya, Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kama Embu na Kiambu baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Haipiti mdomoni tu: hupenya ngozi na huvutwa kwa pumzi, na wengine huanza kuinusa ikiwa imeshapita kiwango cha 200 ppm (sehemu 200 kwa kila milioni ya hewa) kinachokubaliwa kwa zamu ya kazi. Kinachotisha zaidi ni kwamba aliyepata sumu anaweza kujiona mzima kwa saa 12 au hata siku nzima kabla macho hayajaanza kufifia. Basi mwenzako akirukiwa, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na umpeleke kwa daktari hata kama anasisitiza kwamba hana neno. Dawa ipo, fomepizoli au ethanoli inayotolewa na daktari, nayo hufaa zaidi ikiwahi.

Mtasikia pia methanoli ikiitwa mafuta safi. Ni kweli kwamba haina salfa na haitoi masizi, lakini sehemu kubwa ya methanoli duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na hiyo haiponyi hali ya hewa. Inayostahili sifa hutoka kwenye gesi ya taka na samadi, au kwa kuunganisha hidrojeni ya umeme safi na kabonidayoksaidi, kama kilivyofanya kiwanda cha Svartsengi nchini Iceland kwa nguvu ya jotoardhi. Ulizeni cheti cha asili ya mafuta kabla ya kurudia sifa hizo.

Kuhusu vyeti vyenu wenyewe, tafuteni mafunzo ya Msimbo wa IGF, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinazotumia gesi au mafuta yanayoshika moto kwa joto dogo, kwanza ya msingi kisha ya juu. Yale ya juu hudai angalau mwezi mmoja wa utumishi baharini na kushiriki ujazaji wa mafuta mara 3, kwa hiyo ombeni kwa chifu, yaani mhandisi mkuu wa meli, muwekwe kwenye kila zamu ya ujazaji tangu wiki ya kwanza, na mkiwa hapo simameni upande unakotoka upepo.