Maswali ya hela: "Nalipwa laki mbili mkononi, nani atanikopesha?"

Mwezi huu maswali ya mikopo ni mengi kuliko ya kitu kingine chochote. Yanafanana kwa kweli, mtu kipato kidogo, benki haimjui, na shida haisubiri. Nimechukua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu najua wapo wengi kwenye hali hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo anti. Nafanya usafi kwenye ofisi moja huku mjini, nakaa Chanika. Mshahara laki mbili napewa mkononi kwenye bahasha, hakuna karatasi yoyote. Nyumbani nashona, nina cherehani ya kawaida na wateja wapo, ila kazi za ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, inabidi nipeleke kwa mwenzangu na hela anakula yeye. Nimeonyeshwa ovaloki ya mtumba laki sita, mimi nina laki moja tu. Benki wamesema bila salari slipu na bila historia ya mkopo hawawezi. Kuna kampuni hapa mtaani wanatoa siku hiyo hiyo, nikachukue? Nikitoa kodi, nauli na msosi kwenye mshahara nabaki na kama elfu arobaini, kushona kunaniingizia hamsini mpaka sitini kwa mwezi.
*Mama wawili, Chanika*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nimefurahi umeandika hesabu zako, maana wengi wananiambia tu "kipato kidogo" alafu nashindwa nianzie wapi. Wewe kwa mwezi unabaki na kama elfu tisini mpaka laki moja, hiyo ndo hela ambayo rejesho linaweza kutoka, na sio yote, maana mtoto ataumwa, sare itachanika, msiba utatokea.

Sasa tuangalie mkopo wenyewe. Unahitaji laki tano juu ya laki yako. Wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu, wale ambao sheria inawaita daraja la pili, yani wanakopesha tu bila kupokea akiba za watu, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukichukua laki tano kwa riba hiyo kwa miezi sita na riba ikahesabiwa kwenye deni lililobaki, kila mwezi unatoa kama 94,000. Hiyo ni karibu hela yako yote, usithubutu. Ukiivuta iwe miezi kumi na mbili inashuka mpaka kama 52,000 kwa mwezi na riba yote inafika kama 121,000. Lakini akikuhesabia riba kwenye laki tano nzima mpaka mwezi wa mwisho, hata kama nusu ya deni umeshalipa, unatoa zaidi kidogo ya 59,000 kwa mwezi na riba inakuwa 210,000. Asilimia ni ile ile kwenye tangazo, tofauti karibu elfu tisini, na afisa mikopo hatakuambia mpaka umuulize. Muulize hivi: "Nikimaliza, jumla nitakuwa nimewapa shilingi ngapi?" Akuandikie. Akianza kuzunguka zunguka, chukua kitambulisho chako uondoke.

Hao wa siku hiyo hiyo mimi sikushauri. Unakuta anakuja nyumbani anapiga picha tivii, sabufa, godoro, friji, na hiyo cherehani yako inaandikwa kwenye fomu kama dhamana, alafu ada ya fomu na bima wanakata juu kwa juu kabla hujashika hela. Ukichelewa wiki mbili wanakuja na kirikuu kubeba cherehani ndo umebaki huna hata ile uliyokuwa nayo.

Ningekuwa wewe ningeingia kwenye kikoba. Sio cha WhatsApp na watu usiowajua, kikoba cha wanawake wa mtaani kwako wanaokaa kila wiki, wenye katiba, daftari, na sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Uliza kama wamesajiliwa halmashauri, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatambulika kisheria, viko daraja la nne, na kikundi kilichosajiliwa hata ugomvi ukitokea mnajua pa kwenda. Vikundi vingi vinamkopesha mwanachama mpaka mara tatu ya hisa zake. Piga hesabu: laki yako usiiguse, nunua hisa za elfu arobaini kila mwezi kwa miezi minne, zinafika 160,000, uwezo wako wa kukopa ni 480,000. Jumlisha na laki yako ni 580,000, imebaki elfu ishirini ya kubembelezana na muuza ovaloki. Riba ya kikoba usiidharau, waulize ni ngapi kabla hujaingia, vingine wanatoza zaidi hata ya kampuni, ila tofauti ni kwamba hiyo riba haiendi kwa bosi wa mtu, mkivunja kikoba mwisho wa mwaka inagawanywa kwenu kwa hisa. Na hapo hakuna anayekuuliza salari slipu. Wanaangalia unakuja kwenye kikao au hauji, na unalipa au haulipi.

Miezi minne najua unaona mirefu. Lakini hiyo miezi pia ni mtihani wa bure, kama elfu arobaini ya hisa inakushinda kuitoa kila mwezi basi ujue rejesho la elfu hamsini lingekushinda vile vile, na bora ulijue hilo ukiwa hudaiwi.

Wakati unasubiri, tengeneza jina lako. Kutokuwa na historia sio sawa na kuwa na historia mbaya, mtu wa benki anakuogopa tu kwa sababu hajui wewe ni nani. Kwa hiyo hela za wateja wa kushona waambie watume kwenye laini yako, laini iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA sio ya shemeji, na usibadilishe badilishe laini. Mikopo ile midogo ya kwenye mitandao ya simu inatolewa kwa kuangalia laini inavyotumika, hela inavyoingia na kutoka. Chukua ndogo unayoiweza, lipa kabla ya siku, basi, usiifanye ndo hela ya kula. Kumbuka pia taarifa za mikopo zinapelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, kwa hiyo elfu kumi uliyoitelekeza kwenye laini ya zamani inaweza kuja kukuumbua siku unaomba milioni.

Na huyo mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na anapokulipa akupe mchanganuo wa mshahara. Sio fadhila. Mwombe kwa upole akulipe benki au kwenye simu, na muulize michango yako ya NSSF iko wapi. Ukishakuwa na miezi kadhaa ya mshahara unaosomeka, mlango wa SACCOS na hata wa ile benki iliyokukataa unaanza kufunguka.

Jambo la mwisho kwako, nenda ofisi ya kata umuone afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba kabisa. Ilisimamishwa April 2023 kwa sababu ya hela kupotelea kwenye vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Ni ya kikundi sio ya mtu mmoja mmoja, ina foleni na makaratasi, usiitegemee kwa hiyo ovaloki. Lakini wanawake watano sita mnaoshona pamoja mkiwa na kikundi chenye usajili na akaunti, hiyo ni hela yenu, iendeeni.

SWALI: Anti mi nauza genge Mbeya. Nilichukua laki mbili, wakakata elfu ishirini ya fomu na bima nikapewa 180,000. Narejesha elfu kumi kila siku kwa siku 26. Sasa biashara imeyumba nimekopa sehemu nyingine kulipia hii. Nifanyeje, sina raha hata usingizi sipati.

JIBU: Pole sana mama. Hiyo ndo kausha damu yenyewe, mikopo ya mtaani ya riba kubwa inayomnyonya mtu. Umeshika 180,000 unarudisha 260,000 ndani ya mwezi, yani elfu themanini ya kutumia hela siku 26. Kwa ile asilimia 3.5 laki mbili kwa mwezi ingekuwa riba elfu saba. Nakuandikia hizi namba sio nikuumize, nataka uone kwamba sio uvivu wako, hakuna genge la nyanya na vitunguu linaloweza kuzalisha hiyo faida kila siku bila kukosa.

Usichukue wa tatu. Hapo ndo watu wanapozama, wa tatu analipa wa pili, wa nne analipa wa tatu. Kaa chini andika unadaiwa na nani, kiasi gani kimebaki, na umeshalipa ngapi. Nenda kwa yule anayekudai hela nyingi zaidi kabla hajaja yeye, nenda na mtu mzima, kaka au mjumbe wa mtaa, omba rejesho lishuke mfano elfu nne kwa siku, na mkikubaliana iandikwe na isainiwe. Muombe akuonyeshe leseni yake ya Benki Kuu. Kama hana, mweleze afisa biashara wa halmashauri, maana kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Kama anayo na anatoza hivyo, lalamika ofisi ya Benki Kuu, hapo Mbeya wana tawi. Risiti zote za kila siku usitupe hata moja.

Na nyumbani sema. Najua wengi wenu mnaficha, mume hajui, watoto hawajui, mtu anashtuka wakopeshaji wako mlangoni. Aibu ya kusema leo ni ndogo kuliko hiyo.

SWALI: Nilikopa elfu hamsini kwenye app, nimechelewa siku nne, wamemtumia meseji mchungaji wangu na bosi wangu kwamba mimi tapeli. Wamezipata wapi namba?
*Kijana, Dodoma*

JIBU: Umewapa mwenyewe mdogo wangu, siku unapakua ile programu ikakuuliza iruhusiwe kusoma majina ya kwenye simu ukabonyeza ndiyo. Nenda kwenye setingi uondoe ruhusa hizo sasa hivi. November 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, angalia kama yako imo. Meseji zote piga skrinishoti, wewe na mchungaji na bosi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na Tume yake inapokea malalamiko, na matusi ya mtandaoni polisi wanayapokea. Ila hamsini uliyoichukua ilipe, tena kwa njia inayotoa risiti, usimtumie hela mtu anayekupigia kwa namba binafsi.

SWALI: Mimi ni mwalimu, mkopeshaji amekaa na kadi yangu ya benki na namba ya siri, mshahara ukiingia anatoa yeye ananipa kinachobaki. Nitajitoaje?

JIBU: Mwalimu, namba ya siri hapewi mtu yeyote, mkataba wako na benki unakataza, na siku akitoa zaidi ya mlichokubaliana utajieleza vipi wakati namba ulimpa mwenyewe? Nenda tawini na kitambulisho, omba kadi ifungwe utoe nyingine yenye namba mpya, na uombe taarifa ya akaunti tangu mwezi aliochukua kadi. Jumlisha alichotoa. Kama deni bado lipo mwandikie kwamba utalipa kwa kuhamisha benki kila mwezi, tarehe fulani, kiasi fulani, na ulipe kweli. Kama limeshaisha zamani, na kwa wengi linakuwa limeisha, hiyo taarifa ya akaunti ndo ushahidi wako wa kudai chenji yako.