Kura Sita Zilizoiua Skripti Yangu

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anatunga filamu kuhusu kesi ya askari wa Marekani, na kwamba ameitazama A Few Good Men, filamu ya mahakama ya kijeshi ya mwaka 1992, hadi majibizano yake ameyahifadhi. Anauliza kama inamtosha. Ndugu yangu, haitoshi. Nilipita njia hiyo hiyo.

Skripti yangu ilinichukua miaka miwili. Kilele chake kilikuwa ofisa mmoja katika baraza la kesi, yaani wajumbe wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, anayegoma kuungana na wenzake saba kumtia askari hatiani, mpaka kesi inavunjika na kuanza upya. Sijawahi kupenda nilichoandika kama nilivyopenda kurasa zile. Mtayarishaji akampa wakili mstaafu wa jeshi azisome, naye akazikata zote kwa mstari.

Mahakama ya kijeshi ya Marekani haivunjiki hivyo. Tangu mwaka 2019, kesi nzito zaidi isiyo ya adhabu ya kifo, ikisikilizwa na baraza, huwa na wajumbe 8. Wanapiga kura ya siri, na robo tatu, yaani 6, zinatosha kumtia mtu hatiani. Zisipofika, ameachiwa. Kura saba kwa moja ni hatia, hata mgomaji alie machozi.

Nilikasirika, maana hata filamu ile maarufu imekosea. Askari wake wawili wanatiwa hatiani kwa mwenendo usiomfaa mwanamaji, ilhali kifungu cha kosa hilo, cha 133 katika sheria ya kijeshi ya Marekani, ni cha maofisa na wanafunzi wa uofisa tu. Hawa walikuwa askari wa vyeo vya chini. Yenyewe ilipeta, mimi nikafungiwa mlango. Bado inaniuma.

Lakini soma sheria kabla ya kuandika! Mwongozo rasmi wa mahakama hizo uko mtandaoni bure. Usome, kisha uusome tena. Filamu ile ilipatia jambo moja: wakili wake amemaliza kesi 44 kwa makubaliano ya kukiri kosa bila kuingia mahakamani. Kesi nyingi za kweli huishia kwenye kukiri, na utamu wote uko hapo. Jaji humwapisha mshtakiwa, humhoji kosa kipengele kwa kipengele, na akisikia neno linalopingana na hatia, hapokei kukiri kule. Askari anataka yaishe, lakini lazima aseme kwa kinywa chake alichofanya, mama yake akisikiliza nyuma.

Skripti yangu mpya inaanzia kwenye swali la kwanza la jaji huyo.