Maswali ya Wasomaji: Mpiga Solo Mgeni na Orkesta ya Mkoa

Swali: Mimi ni katibu wa orkesta ya mkoa. Tumemwalika mpiga fidla atupigie Konseto ya Beethoven (muziki wa mpiga solo mmoja akiandamana na orkesta), naye atafika siku mbili tu kabla ya onyesho. Muda huo utatosha?

Jibu: Utatosha, ndugu katibu, ikiwa kazi ya makaratasi imekwisha kabla mgeni hajashuka garini. Akifika, mpeni saa moja na kondakta peke yao, kisha zoezi moja na orkesta nzima, halafu zoezi la mwisho ukumbini. Konseto hiyo huchukua zaidi ya dakika 40, kwa hiyo katika zoezi la saa mbili na nusu mtengeeni walau dakika 75, tena mwanzoni. Kumweka msanii mgeni kwenye kiti cha pembeni akisubiri mmalize simfoni ni utovu wa adabu, na vidole vyake vinapoa.

Wiki sita kabla, muulizeni mambo mawili. La kwanza, anatumia toleo gani la noti? Matoleo hutofautiana herufi na namba za mazoezi, yaani alama za kuonyesha mahali pa kuanzia kwenye noti: yeye akisema "tuanzie E", nyinyi mna namba tupu, na nusu saa inapotea mkihesabu vipimo. Karatasi za zamani pia huwa na sehemu zilizokatwa kwa penseli na mtu asiyejulikana, zifuteni.

La pili ni kadenza, yaani sehemu ambayo mpiga solo hupiga peke yake, orkesta ikinyamaza, na hapa ndipo ajali nyingi hutokea. Beethoven hakuiandikia fidla kadenza katika konseto hii, hivyo kila mpigaji huja na yake: wengi huchagua ile iliyoandikwa na mpiga fidla Kreisler au Joachim. Ya mtunzi Schnittke inamhitaji mpiga timpani (ngoma kubwa za orkesta), na si haki ajue hivyo asubuhi ya zoezi. Ombeni nakala, na mstari wa mwisho kondakta aubandike kwenye kitabu chake. Orkesta imezoea kwamba trili ndefu (noti mbili jirani zikipishana haraka) ndiyo ishara ya kurudi. Mpigaji akiwa na trili mbili, wenzenu wataingia kwenye ile ya kwanza. Makosa hayo hayafichiki, maana baada ya kadenza ya sehemu ya kwanza fidla inarudisha wimbo wa pili kwa upole kwenye nyuzi mbili nzito, huku nyuzi za orkesta zikidonolewa kwa vidole tu.

Swali: Mwaka huu tunapiga Konseto ya Selo (fidla kubwa ya sauti nzito) ya Dvořák. Kwenye mazoezi selo haisikiki kabisa. Tumwekee maikrofoni?

Jibu: Hapana, msikimbilie huko. Selo huimba katika sauti zile zile za viola, fagoti na honi, kwa hiyo humezwa hata pale ambapo hakuna anayepiga kwa nguvu. Dvořák ameweka pia tromboni tatu na tuba. Anzeni na wapiga ala za nyuzi: pale selo inapoimba, viti vya nyuma vya kila kundi vinyamaze, na besi wabaki wawili. Kisha wapuliza ala wapunguze nguvu ya sauti ngazi moja chini ya ilivyoandikwa, isipokuwa mwenye wimbo. Mwisho, mketisheni mpigaji juu ya jukwaa dogo la mbao lenye uwazi ndani, kimo cha sentimita 20 au 30. Mguu wa chuma wa selo ukichomekwa hapo, mbao nazo hutoa sauti. Zege halisaidii kitu. Halafu mtu akae safu ya mwisho asikilize, kwani anachosikia kondakta pale karibu si kile kinachomfikia msikilizaji.

Swali: Mgeni wetu ni mpiga piano. Obo, ala ya kupuliza, inatoa noti A ya kurekebishia ala zote kama kawaida, lakini piano inasikika imepotoka. Nani afuate nani?

Jibu: Orkesta ifuate piano, kwa sababu piano haiwezi kurekebishwa papo hapo. Obo ichukue A kutoka kwenye piano, kisha iwape wengine. Mwambieni fundi wa piano mapema kama A yenu ni ya hezi 440 au 442 (mitetemo kwa sekunde). Akipandisha piano iliyoshuka sana siku hiyo hiyo, itateleza tena kabla ya mapumziko. Piano ifike jukwaani siku moja kabla, irekebishwe taa za onyesho zikiwa zinawaka, na fundi airudie baada ya zoezi la mwisho, ukumbi ukiwa kimya. Wanaopanga viti wangoje nje.