Nancy Russell ndiye aliyepanga bei

Kaka, umeuliza kama Charles M. Russell, yule mchoraji wa wachunga ng'ombe na wenyeji asilia wa Montana, Marekani, angefika alikofika bila mkewe Nancy. Kwa maoni yangu, kipaji kingekuwepo palepale, lakini jina na pesa, hapana.

Walioana mwaka 1896, Nancy Cooper akiwa na miaka 18, Charlie 32. Kabla ya hapo picha zake nyingi aliwagawia marafiki, nyingine akalipia vinywaji baa. Nancy akakata huo mchezo. Saa za kazi rafiki akija kumwita Charlie wakanywe, anakutana na Nancy mlangoni. Halafu akapandisha bei, tena bila haya, mpaka Charlie mwenyewe akashangaa akasema hizo ni bei za wachoraji waliokwisha kufa. Na wanunuzi walilipa!

Nancy hakungoja wateja wamfuate Great Falls, mji wa Montana walikoishi. Mwaka 1911 picha zikaonyeshwa New York, 1914 zikafika London, na mwenye kushughulikia mipango na kuzungumza na wanunuzi alikuwa yeye. Charlie alipofariki mwaka 1926, Nancy aliendelea kulitetea jina lake hadi naye alipofariki mwaka 1940.

Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba huyu dada hakuwa na shule ya maana. Alipokutana na Charlie katika mji wa Cascade, Montana, alikuwa mfanyakazi wa ndani. Biashara yote hiyo alijifunza akiwa kazini.