Maswali na Majibu: Si Kila Jambo la Asia ni Utamaduni

Barua zilizofika safari hii ni nyingi, na zaidi ya nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: utamaduni wa Waasia una nini hata ukawafanya wawe hivi au vile? Nimechagua saba. Baadhi yake nimeshazijibu siku za nyuma, na ningeomba wasomaji wasome majibu yaliyotangulia kabla ya kuuliza upya.

Je, ni kweli kwamba Waasia hawana haja na demokrasia kwa kuwa wamelelewa kuwatii wakubwa? (Msomaji, Dodoma)

Si kweli, na wanaofaidika na dai hilo ni watawala wenyewe. Aliyelipa sura ya kisomi ni Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa Singapore tangu 1959 hadi 1990, ambaye mwaka 1994, akihojiwa na jarida moja la Marekani, alisema kwamba jamii za Asia ya Mashariki hutanguliza familia na utulivu kuliko haki za mtu mmoja mmoja. Mwaka huohuo Kim Dae-jung, mwanasiasa wa Korea Kusini, alimjibu katika jarida lilelile, akimtaja Mencius, mwanafalsafa wa Kichina aliyefundisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba mfalme dhalimu anaweza kuondolewa na watu wake. Kim alijua alichokisema, kwani mwaka 1980 utawala wa kijeshi wa nchi yake ulimhukumu kifo kwa kumhusisha na maandamano ya mji wa Gwangju dhidi ya utawala huo, na mwishoni mwa 1997 wananchi walewale walioambiwa kuwa ni watiifu kwa asili walimchagua kuwa rais.

Kama mfano huo ni wa zamani mno kwa msomaji wetu, na atazame usiku wa tarehe 3 Desemba 2024. Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitangaza utawala wa kijeshi, wanajeshi wakapelekwa bungeni, na raia wakatoka usiku huohuo kwenda kuwazuia huku baadhi ya wabunge wakiruka uzio ili waingie kupiga kura. Wabunge wote 190 waliofika waliikataa amri hiyo, ikaondolewa kabla ya mchana kufika, na tarehe 4 Aprili 2025 majaji wote wanane wa Mahakama ya Katiba wakamvua urais. Waliosimama mbele ya bunge usiku ule walikuwamo wazee walioukumbuka mwaka 1980, na sioni ni utiifu gani wa asili unaoweza kueleza jambo hilo.

Waasia wana dini gani? (Msomaji, Kampala)

Hawana dini moja. Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, Ufilipino wengi wao ni Wakatoliki, Thailand wengi ni Wabudha, na India wengi ni wafuasi wa Uhindu. Nadhani swali limetokana na mazoea yetu ya Afrika Mashariki ya kumwita “Mwasia” kila mwenye asili ya Gujarat au Punjab. Neno hilo linatosha kumtambulisha jirani dukani, lakini halitoshi kueleza bara lenye zaidi ya nusu ya watu wote duniani.

Kwa nini Wakorea hawazai tena? Je, ni kuiga Uzungu ndiko kulikowaharibu? (Msomaji, Mombasa)

Mwaka 2023 kiwango cha uzazi nchini Korea Kusini kilishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na mwaka 2024 kikapanda kidogo hadi 0.75. Mwaka 1960 wastani huo ulikuwa takriban watoto sita. Kabla ya kuwalaumu Wazungu, msomaji ajue kwamba serikali ya Korea yenyewe ndiyo iliyowaomba wananchi wapunguze kuzaa. Kampeni ilianza mwaka 1962 chini ya mtawala wa kijeshi wa wakati huo, Park Chung-hee, na ilifika mahali ambapo wanaume wa jeshi la akiba waliokubali kufunga uzazi walisamehewa mazoezi, na waliofunga uzazi walipewa kipaumbele katika kununua nyumba za ghorofa. Uzazi ulishuka chini ya kiwango cha kujaza nafasi za wanaokufa kuanzia mwaka 1983, lakini sera ya kuuzuia haikuachwa mpaka 1996. Kwa miaka 13 dola iliendelea kuvuta kamba ambayo tayari ilikuwa imekatika.

Jambo la pili ni sheria ya familia. Hadi mwanzoni mwa 2008 kila familia iliandikishwa chini ya mwanamume aliyeitwa mkuu wa kaya, na akifariki, cheo kilikwenda kwa mwanawe hata kama ni mtoto mchanga, mama na bibi wakawa chini yake. Wengi waliutetea mfumo huo kama mila ya mababu, ilhali uliandikwa katika sheria wakati wa ukoloni wa Japani, na Japani yenyewe iliufuta wa kwake mwaka 1947. Mahakama ya Katiba ya Korea iliutangaza kuwa kinyume cha katiba mwaka 2005. Wanawake waliokulia katika miaka hiyo walisoma hadi vyuo vikuu, wakaingia kazini, wakakuta malipo yao yako chini ya ya wanaume kwa takriban asilimia 30, saa za kazi ni ndefu, kodi za nyumba za Seoul ni kubwa, na kila mtoto anahitaji tuisheni ya jioni ili asiachwe nyuma na wenzake. Kuzaa nje ya ndoa bado ni jambo la aibu, kiasi kwamba mwaka 2023 mtoto takriban mmoja tu kati ya 20 alizaliwa hivyo. Kwa hiyo mwanamke anayeikwepa ndoa huwa ameukwepa na uzazi. Anayeyajumlisha haya akapata jibu la “wameharibika” hajahesabu vizuri, na ninawaomba viongozi wa dini wanaoutumia mfano wa Korea mimbarini waiseme habari yote.

Singapore ilifanikiwa kwa nidhamu na viboko. Kwa nini nasi tusifanye hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Kwanza, adhabu ya viboko ya Singapore ni urithi wa sheria za Waingereza, wala si hekima ya Mashariki. Pili, kila anayeniandikia kuhusu viboko husahau nyumba. Shirika la nyumba la serikali lilianzishwa mwaka 1960. Sheria ya mwaka 1966 iliiwezesha dola kutwaa ardhi kwa fidia ndogo. Na kuanzia 1968 wafanyakazi waliruhusiwa kutumia akiba yao ya uzeeni kununulia nyumba hizo. Leo takriban watu wanane kati ya kila 10 wanaishi humo, na tangu 1989 kila jengo lina ukomo wa kaya za kabila moja ili Wachina, Wamalai na Wahindi wasitengane mitaa. Ofisi ya kupambana na rushwa ipo tangu 1952, nayo imewafikisha hata mawaziri mahakamani. Kiongozi anayetaka kuanza na viboko na aeleze kwanza ataitwaa ardhi ya nani, na kwa faida ya nani.

Mfumo wa matabaka nchini India si ulifutwa na katiba? Mbona bado tunausikia? (Msomaji, Tanga)

Haukufutwa. Kilichopigwa marufuku na kifungu cha 17 cha katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ni kumtendea mtu kama najisi asiyepaswa kuguswa. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwenyekiti wa kamati iliyoiandaa katiba, B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa hao “wasioguswa”, aliijua kuliko yeyote. Mwaka 1956 aliuacha Uhindu akaingia Ubudha mjini Nagpur pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi wake, kwa kuwa hakuamini kwamba karatasi peke yake ingemtoa mtu katika tabaka alilozaliwa nalo.

Tabaka linaishi katika ndoa. Utafiti mkubwa wa kaya za India wa 2011 na 2012 ulikuta takriban ndoa tano tu katika kila 100 zimevuka mpaka wa tabaka. Linaishi katika kazi pia, maana kusafisha vinyesi kwa mikono kumekatazwa kwa sheria ya 1993 na tena ya 2013, na bado wanaoshushwa mashimoni, na kufia humo, wengi wao ni Dalit, yaani hao walioitwa “wasioguswa”. Sheria iliyohitaji kutungwa mara mbili inatuambia kwamba ile ya kwanza haikupata msimamizi.

Ni kweli simu ndizo zilizoiangusha serikali ya Bangladesh? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Mnamo Julai 2024 serikali iliizima intaneti nchi nzima, na maandamano yakaendelea. Chanzo kilikuwa ajira: mahakama ilirudisha utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya nafasi za serikalini kwa vizazi vya wapiganaji wa uhuru wa 1971, katika nchi iliyojaa wahitimu wasio na kazi. Mahakama ya juu zaidi ilipolipunguza fungu hilo hadi asilimia tano, damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na madai yakawa si ya ajira tena. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba waliouawa huenda wakafikia 1,400. Waziri mkuu, Sheikh Hasina, alikimbilia India tarehe 5 Agosti, baada ya miaka 15 mfululizo madarakani. Vijana mnaoniandikia kwa shauku, tafadhali isomeni idadi hiyo ya waliokufa kabla ya kuzihesabu simu.

Japani sasa ina waziri mkuu mwanamke. Je, mila za kale zimeshindwa? (Msomaji, Muscat)

Sanae Takaichi alishika wadhifa huo Oktoba 2025. Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka alikuwa waziri mkuu tangu 1960, kwa hiyo tusilione jambo hili kuwa geni barani Asia. Lakini sheria ya Japani bado inawalazimisha mume na mke kutumia jina moja la ukoo, na katika takriban ndoa 95 kati ya 100 ni mke anayeliacha lake. Mahakama ya juu zaidi ya nchi hiyo iliihalalisha sheria hiyo mwaka 2015 na tena 2021, na Takaichi mwenyewe amekuwa miongoni mwa wanaopinga kuibadilisha. Hata hiyo “mila ya kale” ilianza na sheria ya kiraia ya 1898. Miaka 22 kabla yake, mwaka 1876, serikali ileile ilikuwa imewaagiza wake waendelee kutumia majina ya ukoo waliozaliwa nayo.